Salfa, Shaba na Manyoya ya Mwende

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeaibishwa mbele ya wanawake kumi na wanne.

Ulikuwa mkutano wa wasusi wa vyondo, vile vikapu vyetu vya kusuka, hapa kwangu Mukuyuni, chini ya turubai. Mke wangu Kavata ndiye katibu wao. Wamechoka na uzi wa plastiki wa dukani. Wanataka sufu ya kondoo wa hapa hapa, iende kwenye vyondo pamoja na katani. Mfugaji mmoja atachaguliwa. Wenye kondoo wa sufu upande huu tuko wawili tu. Mimi Kimeu, na jirani yangu Mutie.

Aliyekuja kupima ni Bi Zulekha, muuza nyuzi wa Kitui mjini. Wazee wake walitoka pwani zamani, na Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Aliomba kila mtu atoe sampuli. Mimi yangu ilikuwa ndani ya karatasi nyeupe, imekunjwa mara nne, imeandikwa jina la kondoo, tarehe na saa. Mutie alitoa yake mfukoni. Mfukoni! Ilikuwa na ugoro.

Bi Zulekha akashika shungi langu, vidole viwili huku, vidole viwili huku. Akalipeleka sikioni. Akavuta. Tik! Likakatika. Akavuta la Mutie. Halikukatika. Akawaonyesha kina mama mawimbi madogo madogo kwenye shungi la Mutie, yamefuatana kama matuta ya shamba. Langu lilikuwa limenyooka kama katani. Mama mmoja aliuliza kama kweli hiyo si katani. Walicheka. Kavata hakucheka. Alikuwa anaandika kumbukumbu za mkutano. Najua ameandika.

Bi Zulekha alieleza sababu. Sufu ni protini, inaitwa keratini. Ndani yake mna salfa, na salfa ndiyo inayoshikanisha vijinyuzi visiachane. Salfa ikipungua, nguvu inapungua. Juu yake kuna mafuta ya ngozi, yanailinda na jua na vumbi. Alisema na mengine. Kwamba nimekata ncha tu. Kwamba nimletee shungi lililokatwa pale kwenye ngozi, ndipo ataujua ukweli wote. Ni kweli nilikata ncha. Sikutaka kondoo wangu waonekane na mabaka mbele ya wageni. Lakini hayo mengine sikuyafuata sana. Nilikuwa nimeshika neno moja.

Salfa.

Watu wanasahau haraka. Nilitunza maabara ya shule ya sekondari miaka kumi na tisa. Niliosha kila chupa. Nilisikia kila somo, mwaka baada ya mwaka, somo lile lile. Mutie alikuwa bawabu wa ghala la maembe.

Kunyoa ni tarehe 21. Zimebaki siku kumi na tisa. Siku moja kwa kila mwaka wa maabara. Hiyo si bahati. Hiyo ni ishara.


Jumanne, 3 Juni

Nimeenda Kalamba, kwa Tariq wa agroveti, duka la dawa za mifugo na mimea. Nimenunua salfa ya unga, ile ya manjano ambayo wakulima wa maembe hunyunyizia miti ikishikwa na ukungu mweupe. Tariq aliuliza maembe yangu yana shida gani. Nikamwambia yamekosa mawimbi. Hakuuliza tena.

Nimechanganya na pumba. Nimewawekea kondoo wote sita. Walinusa. Walirudi nyuma kwa pamoja, kama waliokuwa wamefanya mazoezi. Walipiga chafya.

Hata Mwende alikataa. Ni lazima nieleze kuhusu Mwende. Wale watano ni wangu. Mwende ni wa Kavata. Alikuja kutoka Molo miaka mitatu iliyopita, ndani ya katoni, mtoto wa wiki moja ambaye mama yake alifia njiani. Dereva wa lori lililowaleta alitaka kumtupa. Kavata akamchukua, akamlea kwa chupa, asubuhi, mchana na jioni. Wakati huo tulikuwa tumemzika mama mkwe, na Kavata alikuwa haongei na mtu. Alianza kuongea na kondoo. Ndiyo maana akamwita Mwende, yaani mpendwa. Mpaka leo Mwende akiona chupa anakuja mbio, kondoo mzima mwenye uzito wake, anapiga magoti ya mbele kama mtoto na kutikisa mkia.

Shungi lililokatika jana lilikuwa lake. Nilimchagua kwa sababu ndiye mzuri kuliko wote.

Nimeongeza molasi kwenye ile pumba. Wamekula. Elimu hushinda.


Ijumaa, 6 Juni

Kuna mafanikio. Pia kuna harufu.

Kamati ya kanisa imekutana hapa nyumbani kuzungumzia paa. Zizi liko hatua kumi kutoka sebuleni. Saa tisa hivi upepo ukageuka. Mayai viza! Si yai moja. Trei nzima.

Hao ni watu wazima wa kanisa. Kila mmoja alimtazama jirani yake kwa huruma. Mzee Kisilu, mwenyekiti, akafumba macho na kuomba. Maombi ya Mzee Kisilu hufika dakika ishirini, hutaja mpaka wagonjwa wa wilaya za mbali. Leo yalikuwa sentensi mbili. Akasema paa lingoje.

Walipoondoka Kavata aliniuliza polepole kama tumbo langu liko sawa. Nikamwambia liko sawa. Akasema basi nimwone daktari kwa sababu hilo si tumbo lililo sawa. Sikumweleza. Mtafiti hatangazi matokeo kabla ya wakati.

Lakini hapa naweza kuandika: gesi ya mayai viza ni ushahidi. Salfa imeingia. Salfa inafanya kazi.


Jumapili, 8 Juni

Nimepima kwa rula. Kondoo sita, mahali patatu kwa kila mmoja, pale kwenye ncha. Mawimbi: sifuri.

Nilihitaji sufu ya Mutie ili nilinganishe. Nikamwambia Kavata nina homa. Alipoenda kanisani, nilichukua mkasi nikapita nyuma ya ua wa Mutie, kwenye pengo la miiba. Dume lake lilikuwa limesimama hapo kwa utulivu. Nikanyoosha mkono. Nikashika shungi. Ndipo nikajua ya kwamba lile dume halikuwa na utulivu. Lilikuwa linafikiri.

Sitaeleza zaidi. Nilikaa ndani ya miiba tangu wimbo wa kwanza mpaka watu walipotoka kanisani. Nyimbo zote nilizisikia. Mutie alinikuta akiwa na Biblia mkononi na suti yake ya kijivu. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu kuku aliyepotea. Hakuuliza. Aliweka Biblia juu ya jiwe, akavua koti, akanitoa mwiba mmoja mmoja. Kisha akaingia ndani, akarudi na shungi kubwa lililofungwa kwa gazeti. Akasema nikitaka jingine nipitie langoni.

Hakuna tusi lililonichoma kuliko hilo. Miiba pia ilinichoma, lakini hiyo ilitoka.

Nimechoma sufu zote mbili ndani ya kijiko. Harufu ni ile ile, ya nywele zilizoungua. Zote mbili zimejikunja na kuwa punje nyeusi inayosagika kwa vidole. Kwa hiyo salfa wote tunayo. Mutie hanishindi kwa salfa. Kuna kitu kingine, na jirani yangu anakificha.


Jumanne, 10 Juni

Nimekijua.

Nimempigia Daktari Mulki, daktari wa mifugo wa eneo letu. Ni binti wa Hamud, yule mfanyabiashara wa ng'ombe wa Mwingi. Ni kijana, lakini anasikiliza mpaka mwisho. Nilimuuliza, kama mtaalamu kwa mtaalamu, ni kitu gani huondoa mawimbi kwenye sufu.

Alisema sababu ni nyingi. Alisema kwanza nifikirie chakula. Alisema upungufu wa shaba pia unaweza kuifanya sufu inyooke. Alisema salfa ikizidi tumboni humzuia kondoo kuipata shaba, kwa hiyo kama kuna mtu anawapa kondoo salfa aache leo. Nikasema kuna watu wa aina hiyo kweli, inasikitisha. Alisema kondoo si kama mbuzi wala ng'ombe. Shaba kidogo anaihitaji, ikizidi kidogo inamuua. Alisema nisiwape chochote. Atakuja Alhamisi atoe damu, ipimwe, kisha ndipo tuzungumze.

Nimeandika yote kama alivyosema. Isije ikasemwa kwamba sikusikia.

Lakini Alhamisi ni mbali. Na maneno ya tahadhari ni ya watu wa kawaida.

Siku niliyostaafu, shule ilinipa saa ya ukutani. Mimi nilijipa chupa ya mrututu. Ni shaba ile, katika chumvi yake ya buluu. Imekaa juu ya kabati miaka mitatu na hakuna aliyeiulizia. Nimeiyeyusha ndani ya karai la maji. Maji yakawa buluu, rangi nzuri sana. Nilisimama nikayatazama. Nilikumbuka maabara.

Kondoo watano walikataa. Walinusa wakaenda zao. Saa sita mpaka saa kumi nilikaa nao juani. Hawakugusa.

Basi nikachukua ile chupa ya Mwende, pale inapotundikwa jikoni. Nikaijaza. Alikuja mbio. Alipiga magoti. Ladha haikumpendeza, nilimwona akisita, akanitazama. Kisha akanywa yote, kwa sababu ni chupa yake, na aliyeishika ni mtu wa nyumbani.


Jumatano, 11 Juni

Mwende hajasimama asubuhi.

Anasaga meno. Anaharisha, na rangi yake si ya kawaida. Kavata aliuliza amekuwa nini. Nikasema ni baridi, Juni hii imekuja na baridi ya milimani. Alimletea gunia, akamfunika. Aliketi kando yake na kazi yake ya kusuka, akaimba kidogo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamwaga lile karai. Nyasi zilizomwagikiwa nimezifunika kwa udongo.

Nimejaribu kufikiria hesabu yangu. Maabarani tulipima kwa mizani. Jana nilipima kwa macho.


Alhamisi, 12 Juni

Daktari Mulki amekuja saa tatu asubuhi na pikipiki yake, boksi la vichupa nyuma. Nilikuwa nimepanga kumpokea na chai kwanza. Alimwona Mwende kutoka langoni. Hakuja kwenye chai.

Alimfungua jicho. Alimshika tumbo. Akaniuliza, "Mzee Kimeu, huyu amekula nini?"

Nikasema nyasi.

"Na nini tena?"

Nikasema maji.

Akainua macho, akaona chupa kwenye boriti ya zizi. Nilikuwa nimesahau kuirudisha jikoni. Akaishika juani. Pale chini ya chuchu ya mpira palikuwa na alama ya buluu. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia mke wangu, akamwita kwa jina la mtoto wetu.

"Mama Ndinda, hii ni chupa ya nani?"

"Ni ya Mwende," Kavata akasema. Aliitazama ile alama. Kisha akanitazama mimi. "Baba Ndinda. Nani alimpa?"

Nimewahi kusema uongo mara nyingi, na mwingine umeandikwa katika kitabu hiki hiki. Lakini leo mdomo ulikataa.

"Ni mimi," nikasema.

Aiya! Afadhali angepiga kelele. Alikaa chini, kwenye samadi, na nguo yake ya kwenda sokoni, akaweka kichwa cha Mwende mapajani.

Daktari alifanya kazi mpaka saa saba. Makaa ya dawa, maji ya mshipa, sindano. Alipiga simu Nairobi kuulizia dawa inayotoa shaba mwilini. Aliniuliza yote, nami nikamweleza yote, hata salfa na molasi. Akasema ile salfa ya wiki iliyopita huenda ndiyo iliyozuia sehemu ya shaba isiingie, na kama si hiyo tungekuwa tumeshamzika. Kwa sekunde moja nilifurahi. Kisha akasema pia kwamba, kama ningeendelea na salfa miezi kadhaa, sufu yote ingenyooka kuliko ilivyokuwa.

Alitoa damu ya wale watano. Alitoa na ya Mwende. Aliondoka na boksi lake.

Kavata hajaongea.


Jumamosi, 14 Juni

Mwende amekufa leo asubuhi, jua likiwa limepanda kidogo. Jana macho yake yaligeuka manjano na mkojo ukawa mweusi. Dawa ya Nairobi ilikuwa bado njiani, imefika Machakos.

Daktari alisema asiliwe, hata na mbwa. Azikwe shimo refu. Nilichukua sururu. Ardhi ya Juni ni ngumu, nilipiga saa nzima nikafika magotini. Nilisikia mtu nyuma yangu akitema mate mikononi. Mutie. Hakuna aliyemwita. Aliingia shimoni na jembe lake akachimba, nami nikatoa udongo, kisha tukabadilishana. Hakusema lolote kuhusu kemia. Mara moja tu aliniambia nipumzike, mgongo wangu si wa kijana. Nilitamani aseme neno baya, ili na mimi nipate la kumjibu.

Kabla ya kumshusha, Kavata alikuja na mkasi. Alipiga magoti. Alipapasa ubavu mpaka akafika kwenye ngozi kabisa, akakata shungi moja, refu. Akalifunga kwenye leso. Kisha akaenda ndani, na sisi tukafukia.

Jioni nilikula peke yangu. Chakula kilikuwa kimewekwa. Chumvi ilikuwa sawa. Hilo ndilo lililonishinda, kwamba alikumbuka kutia chumvi.


Jumanne, 17 Juni

Daktari Mulki na Bi Zulekha wamekuja siku moja, kwa gari la Bi Zulekha. Majibu ya damu yametoka. Wale watano shaba yao ni ya kawaida. Hawakupungukiwa. Na damu ya Mwende, alisema, ilikuwa na shaba nyingi sana, lakini ile ni ya chupa.

Nikauliza basi sufu ilinyooka kwa nini.

Kavata alitoa leso yake. Hakunipa mimi. Alimpa Bi Zulekha.

Bi Zulekha alilaza shungi juu ya meza, kwenye kitambaa cheusi, tukainama wote. Akatueleza kwa kidole. Sufu iliyokwisha kutoka nje ya ngozi haina uhai, kama ukucha ulivyo. Unachomlisha kondoo leo hakiwezi kurudi nyuma kurekebisha kilichoota jana. Kinaonekana chini tu, kwenye ngozi, baada ya wiki nyingi. Kwa hiyo kazi yangu yote ya siku nane, hata kama ingekuwa dawa ya kweli, isingeonekana tarehe 21.

Ncha hii, akasema, iliota mwaka jana kuanzia Julai, baada ya kunyoa. Hapa, Septemba na Oktoba, mnyama huyu alikaa na njaa. Protini ilikosekana, na pamoja nayo ile salfa, kwa sababu kondoo huitoa kwenye chakula chenye protini, si kwenye unga wa manjano. Uzi ukawa mwembamba. Hapa ndipo ulipokatikia.

Kisha akasogeza kidole chini.

"Na hapa mvua ilinyesha," akasema.

Niliona. Sote tuliona. Kuanzia Novemba, kushuka mpaka kwenye ngozi, mawimbi. Madogo, ya karibu karibu, meupe chini ya vumbi, yanang'aa kwa mafuta. Alivuta kipande hicho karibu na sikio. Kililia kama waya. Alisema sufu kama hiyo hajaiona upande huu, na kwamba alijua huenda iko, ndiyo maana aliomba shungi la kutoka kwenye ngozi siku ile ya kwanza.

Nilimuuliza Mutie, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, ni nini alichowapa kondoo wake Septemba. Nilijua sasa atataja kitu cha siri. Akasema ni matunda ya migunga. Yale yanayoanguka yenyewe kando ya njia. Huyaokota Juni mpaka Agosti, anayaweka kwenye gunia. Na makapi ya maharagwe. Alisema alidhani kila mtu anajua.

Napita chini ya ile migunga kila siku nikienda sokoni. Huteleza juu ya hayo matunda. Nimewahi kuandika malalamiko kwa chifu.

Kavata alikunja leso yake akatoka nje.


Jumamosi, 21 Juni

Tumenyoa. Kikundi kimemchagua Mutie. Hakuna aliyepinga, hata mimi. Nilipiga makofi na wengine.

Ndipo Mutie akasimama. Yeye si mtu wa kuongea mbele ya watu. Alisema kondoo wake kumi na mmoja hawatatosha vyondo vyote, na sufu ya hawa watano wa jirani ni nzuri ikikatwa pale chini ya Oktoba, akaonyesha kwa kidole kama Bi Zulekha. Akaomba kikundi kichukue zote mbili. Kina mama wakakubali. Syombua, mwenyekiti wao, akauliza aandike jina la nani. Nikasafisha koo.

"Andika Kavata," Mutie akasema.

Wakaandika Kavata. Kondoo ni wangu, wote watano. Lakini nilimtazama mke wangu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile aliinua uso. Nikameza neno langu.


Alhamisi, 26 Juni

Nyumba imepata amani. Juzi Kavata aliongea na mimi. Alisema, "Chai inapoa." Maneno mawili, lakini niliyabeba siku nzima. Jana yalikuwa mengi zaidi. Alisema hajanisamehe, na hajui ni lini, lakini amechoka kunyamaza. Aliliingiza lile shungi kwenye chondo anachosuka, mstari mmoja mweupe karibu na mdomo. Hicho hakitauzwa.

Asubuhi nimeenda na Mutie kuokota matunda ya migunga. Magunia mawili. Nimeinama mpaka mgongo ukalia. Alinionyesha ya kuchukua na ya kuacha, yale yaliyotobolewa na wadudu. Sikubishana naye hata mara moja. Nilipofika nyumbani nilimimina ile salfa yote iliyobaki kwenye shimo la taka mbele ya Kavata, na ile chupa ya mrututu nikamkabidhi Daktari Mulki akaondoka nayo.

Kisha nikatia sahihi. Kavata aliandika kwa mkono wake wa katibu, kila herufi imesimama: Mimi Kimeu naahidi kwamba sitawapa kondoo kitu chochote isipokuwa majani, matunda ya migunga, maji safi na kile ambacho daktari ameandika. Mashahidi, Daktari Mulki na Mutie. Niliapa kwa moyo wangu wote. Machozi yalinitoka. Nimefundishwa, tena kwa uchungu, na mtu aliyefundishwa kwa uchungu hasahau.

Mchana huu nilikaa kibarazani kupumzisha mgongo. Nikawatazama kuku wa Kavata. Kuku tisa. Watatu wamepukutika manyoya mgongoni, ngozi iko wazi. Inasikitisha kuona. Nikajiuliza, unyoya wa kuku ni kitu gani hasa? Nikauchoma mmoja ndani ya kijiko. Harufu ya nywele! Punje nyeusi, inasagika! Keratini. Keratini ile ile, yenye salfa ile ile. Na kuku si kondoo. Kuku ana tumbo lake na kanuni zake. Nina hakika Tariq hajawahi kulifikiria hili.

Nimeitoa ile hati nikaisoma tena, mara tatu, taratibu, kama mtu anayeheshimu neno lake. Imeandikwa kondoo. Kuku hawakutajwa mahali popote.